Neno Aliloliruka Karani

Mwanaidi mjukuu wangu,

Shikamoo yako imenifikia, marahaba. Hapa Nguvumali hatujambo, na shangazi yako amejifungua salama mtoto wa kike.

Umeniuliza "drastic" maana yake nini, na kama unaweza kulitumia kwa mtindo wako mpya wa nywele. Neno hilo nalijua, ingawa Kiingereza sikukisoma. Zama zile za ruksa, biashara zilipoachiwa huria, kwenye kiwanda cha kamba za katani nilikofanya kazi, lilibandikwa tangazo la Kiingereza. Karani wetu Semkiwa akatusomea, "Kutakuwa na mabadiliko." Nikaona kidole chake kimeruka neno moja.

"Na hilo uliloliruka?" nikamuuliza.

"Pambo tu, dada."

Sikumwamini. Nilidhani anashirikiana na wakubwa kutuficha jambo. Nikalinakili neno lile kiganjani, herufi moja moja, nikampelekea mwalimu jirani yetu.

"Ukipunguza sukari kwenye chai, hayo ni mabadiliko tu," akaniambia. "Ukiamka ukakuta jiko limebomolewa, hayo ndiyo drastic."

Kesho yake nikamkabili Semkiwa mbele ya wenzangu wote. Hakubisha. Akatoa mfukoni karatasi ya majina ya wanaopunguzwa kazi.

"La kwanza la nani?" nikauliza.

"Langu," akasema. "Mdomo ulikataa kulitamka lile neno."

Basi nywele ziachie neno jepesi zaidi. Sote tuliokuwa kwenye karatasi ile tuliondoka mwezi ule. Semkiwa alirudi kwao Muheza bila kuniaga, nami sikumlaumu.

Nakuombea heri,
Bibi yako