Pikipiki Iliyoombewa

Whitney, hata viatu sijavua, nakuandikia tu.

Unajua ile pikipiki Nyaga amekuwa akiundiwa na fundi wa huko Stafford? Ile aliniambia ni yetu sisi wawili, watoto wakishatoka nyumbani tuzunguke Texas yote? Rangi nilichagua mimi. Helmeti nikanunua.

Leo fundi ameileta kwa trela moja kwa moja hadi kanisani, iombewe. Watu wote wako parking. Pasta akaniambia, "Mama, panda nyuma ya mzee tuwaombee pamoja."

Nyuma wapi? Whitney, haina nyuma. Kiti ni kimoja, halafu tairi.

Nikamuuliza Nyaga polepole, changu kiko wapi. Akaninong'onezea, "Kiti cha pili kingeharibu shepu."

Shepu. Na mimi niko hapo mbele ya kanisa na helmeti kichwani.

Amejua tangu Machi, siku alipomwagizia fundi. Machi, Whitney. Na asubuhi ni yeye alinibebea hiyo helmeti hadi kwa gari.

Pasta akafumba macho haraka, akaomba Mungu atulinde wote wawili barabarani.

Nikasema amina, nikiwa nimesimama kwa lami.