Besi na Mgongo wa Baba

Karakana,
Jumapili asubuhi.

Kwa Dada yangu mpenzi, Chiriku wetu,

Pokea salamu nyingi kama maranda yaliyojaa chini ya meza yangu. Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti lako limetulia, na shemeji amepona kile kikohozi chake kinacholia kama makofi. Sisi huku hatujambo. Mama ana nguvu zake. Bado anafagia uwanja kabla yetu sote kuamka, na bado hugonga meza kwanza ndipo aseme neno, kama mwenyekiti wa mkutano. Wifi yako anakusalimu, ingawa ananinunia kidogo kwa sababu utakazozisoma mbele. Binti yangu, huyo mliyefanana mpaka kicheko, amemaliza chuo cha ualimu na sasa anatusahihisha sote humu ndani, hata kuku.

Najua umeigeuzageuza bahasha hii kabla ya kuifungua. Barua siku hizi ni kitu cha kutia hofu, hasa kwa watu wenye simu. Na simu unanipigia kila Jumapili, hujakosa. Mimi ndiye ninayekosa. Mwaka wa pili sasa nikipokea nasema ndiyo, haya, asante, kisha namsukumia binti yangu simu kwa kisingizio kwamba gundi inakauka. Mwezi uliopita ulimtuma aniambie kwamba kama nimekuchoka niseme, na kwamba nimekuwa baba mtupu, baba yetu yule yule. Aliona haya kuyatamka, akayaandika kwa penseli juu ya kipande cha mbao na kukiacha kwenye meza yangu ya kazi. Kipande hicho ninacho bado.

Nitayajibu, Dada, ndiyo sababu nimeshika kalamu. Lakini niwie radhi nianze na habari njema, maana hizo mbili zimeshikana: besi imekwisha.

Ndiyo, besi, gitaa lenyewe, la umeme, la nyuzi nne, nililolitengeneza kwa mikono hii. Najua umecheka. Unalikumbuka lile sanduku letu la kwanza? Lilikuwa sanduku la vipuri lililotupwa nyuma ya gereji, tukalichomeka mpini wa fagio la mama na waya wa breki ya baiskeli. Mpini ule ulitupatia fimbo tatu tatu, na wewe ulichukua ya nne kwa niaba yangu kwa sababu ulikuwa mkubwa. Mimi nilikuwa na miaka kumi, nikiuvuta ule waya kwa kidole kimoja tu, na jina la Kidole limenishika mpaka leo; wako wateja wasiojua kama nina jina jingine. Wewe uliinama nyuma ya sanduku na kuimbia ndani ya lile tundu tulilolitoboa, ukidai kwamba hapo sauti yako inanenepa. Ilikuwa sauti nyembamba, Dada, nyembamba na safi, na majirani walikuwa wakiacha ndoo bombani waje kusimama kwenye ua wetu.

Unakumbuka pia nani alikuwa akija jioni, na vumbi la mbao kwenye nyusi. Baba hakuwahi kutuambia tuendelee wala tunyamaze. Alikuwa akiketi chini, analiegemea sanduku kwa mgongo, uso ameuelekeza kwenye ua, anakaa hivyo hivyo mpaka tumalize. Halafu anainuka, anajipangusa suruali, anakwenda kuoga. Wewe ilikuchoma sana. Ulisema kwamba hata gunia la mkaa lingeonyesha adabu zaidi. Siku ile ulipojipa moyo ukamzunguka mpaka mbele, ukamshika goti na kumwuliza kama wimbo umempendeza, alikutazama mdomoni kwa muda mrefu, kisha akajibu kwamba kibao cha nyuma kimelegea. Ni kweli kilikuwa kimelegea, nilikipiga msumari mwenyewe. Lakini uliingia ndani ukalia, na mimi nikabaki nje na nyundo nisijue nikae upande wa nani.

Halafu likaja lile la shuleni. Kiti cha mzazi kilikuwa mstari wa mbele, kimeandikwa jina lake, na wewe ulikuwa jukwaani kwenye lile gauni la buluu. Ulipoanza tu ubeti wa pili baba akasimama, akatembea mpaka ukutani, akaegemea kule kwenye spika kubwa na kutupa mgongo ukumbi mzima. Hukumsemesha mwezi mzima. Nadhani, Dada, kwa namna fulani hukumsemesha tena mpaka tulipomzika.

Sasa turudi kwenye besi. Mwaka jana lile kabati kubwa la mama lilianguka kwa uzee, nami nikawa nalibomoa nipate kuni. Rafu yake ya chini ilikuwa ubao wa mvule, mzito, mnene vidole viwili, bado una alama za msumeno mkubwa upande usioonekana. Baba ndiye aliyeupasua. Nikaona haya kuutia motoni. Niliuegemeza ukutani wiki nzima, kila nikipita naugonga kwa kifundo cha kidole, na siku ya saba nikachora juu yake umbo la gitaa.

Kiwiliwili hakikunisumbua, mtu aliyechonga vitanda miaka ishirini na sita hashindwi na kiuno cha gitaa. Shingo ndiyo iliyonifundisha adabu. Unajua vile vijichuma vinavyokatiza shingo, ambavyo kila kimoja kina mahali pake? Nilivipima kwa kuhesabu kila kimoja kutoka kwa mwenzake, na kosa la unywele likazaa kosa la unywele, mpaka nilipofika cha kumi na mbili nilikuwa nimepotea nusu inchi. Binti yangu ndiye aliyegundua. Alikuja na kikokotoo chake, akanieleza kwa ile sauti ya ualimu kwamba vyote vinapimwa kutoka juu, si kwa jirani, kisha akanipa karatasi yenye orodha ya namba. Shingo ya kwanza ikawa mpini wa koleo. Ya pili ikatoka sawa.

Sumaku za kunasia sauti ya nyuzi nilipewa na Chaji, fundi redio wa mtaa wa nyuma. Anaitwa hivyo kwa sababu hata ukimpelekea pasi iliyoungua atakuambia huenda ni chaji tu. Alifungua transfoma mbovu, akanipa waya wa shaba mwembamba kuliko unywele wako, wa kuzungushia zile sumaku mara elfu na elfu. Mama alikaa pembeni na bakuli, kila mizunguko mia anatumbukiza kokoto. Zilipofika kokoto sabini akagonga meza, akasema sasa basi, hata bibi harusi hafungwi vitambaa vingi hivyo.

Nikatengeneza na sanduku la spika, refu kufikia mabega ya mtu aliyeketi. Siku ya kuijaribu Chaji alileta amplifaya yake, wifi yako akasimama mlangoni na mwiko mkononi, binti yangu akakaa juu ya rundo la mbao. Mimi niliketi chini, nikaliegemea sanduku kwa mgongo, nikafumba macho na kuupiga uzi wa juu kwa kidole kile kile. Dada, mtetemo ulinipita mgongoni, ukashuka mpaka kwenye makalio, ukapanda mpaka kwenye meno. Nikapiga tena. Nikaanza ule wimbo wako wa ubeti wa pili, nao wote ukaja, pole pole. Machozi yalinitoka na sikuyafuta.

Kisha sanduku likafa ghafla. Nilifumbua macho nikiwa na hasira, nikamwona Chaji ameshika plagi mkononi. Wifi yako alikuwa ameudondosha mwiko na kuziba masikio. Binti yangu naye ameziba. Juu ya ukuta kulikuwa na kichwa cha jirani, kinafoka. Nikawauliza kuna nini, mbona wameniharibia. Binti yangu aliniangalia muda mrefu, kisha akaokota kipande cha mbao na ile penseli yangu, akaandika kwamba ilikuwa inapiga filimbi tangu mwanzo, filimbi ya kupasua kichwa, na je, baba, hukuisikia?

Kumbe koili, ule waya wa kwenye sumaku, ikiisha kuzungushwa inatakiwa kuzamishwa kwenye nta iliyoyeyushwa, la sivyo inapiga yowe. Chaji alinieleza hilo siku ile ile ya sumaku, nami nikamwitikia ndiyo, haya, asante.

Dada, mimi sisikii.

Nimeiandika, sasa imetoka. Si kwamba sisikii kabisa. Lori nalisikia, ngurumo naisikia, wanaume wenye sauti nzito nawapata nusu nusu nikiwaangalia midomo. Lakini zile sauti nyembamba zote zimekwenda. Msumeno na randa ya umeme vimezila kidogo kidogo, na mimi niliona haya kusema, maana ni mteja gani atampa kazi fundi asiyeisikia mashine yake? Nikawa mtu wa kuitikia. Niliitikia kwenye kikao cha harusi ya mtoto wa jirani, nikarudi nyumbani nikiwa mwenyekiti wa kamati. Nilicheka msibani kwa sababu aliyekaa mbele yangu alionekana kama anacheka. Wifi yako alidhani ninampuuza makusudi, na ndiyo sababu ananuna: si kwa ugonjwa, kwa kufichwa. Ana haki.

Daktari alinifungia kwenye kichumba, akanivalisha vidude masikioni, kisha akanichorea mstari. Unaanzia juu upande wa kushoto, kwenye sauti nene, unakwenda vizuri, halafu unaporomoka. Nikamwuliza sauti ya dada yangu iko wapi hapo. Akaweka kalamu kule chini kabisa, kulia. Alisema kuna kifaa cha kuvaa, kitanisaidia kiasi, lakini kilichokwenda hakirudi. Ukipiga simu, Dada, nasikia kitu kama karatasi inayokunjwa. Najua ni wewe. Nakaa nayo mpaka nishindwe, ndipo nampa mtoto. Sijakuchoka. Nimekukosa.

Daktari aliniuliza jambo jingine pia: baba yako alifanya kazi gani? Nikamjibu, kupasua magogo kwenye msumeno mkubwa, miaka thelathini. Alitikisa kichwa na kuandika.

Nilikwenda moja kwa moja kwa mama. Nikamwuliza habari ya masikio ya baba. Aligonga meza kama kawaida yake, nikamtazama, na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini mama hugonga meza. Amegonga kwa ajili ya baba miaka yote ile, nasi tulidhani ni tabia yake, na mimi ameanza kunigongea kabla mwenyewe sijajijua. Akaniambia taratibu, uso kwa uso, kwamba baba aliacha kusikia kabla wewe hujaanza shule. Alimwapisha asiseme, hata kwetu, hasa kwetu, maana watoto wana mdomo, na msimamizi angejua angemwondoa kwenye msumeno. Akaniambia kwamba kila jioni baba alipoingia langoni alimwuliza swali moja kabla ya kuomba maji ya kuoga: Chiriku ataimba leo?

Hakuwa akitupa mgongo, Dada. Hakuwa na kingine cha kusikilizia. Ile siku ya shule hakukuacha kwenye kiti cha mbele. Alikwenda kukutafuta kwenye spika. Na kibao kilicholegea ndicho kitu pekee alichoweza kukuambia kwa uhakika, kwa sababu kilikuwa kikitikisika na kumharibia wimbo wako.

Uliniambia nimekuwa baba mtupu. Nimekuwa, na sijawahi kuambiwa neno kubwa kama hilo.

Besi tumeizamisha kwenye nta ya mishumaa sita, nao wananiapia kwamba yowe limekwisha. Lile sanduku la spika lina matundu mawili ya kuchomeka waya. La kwanza ni la besi. La pili Chaji amelitengeneza kwa ajili ya kipaza sauti, na nimekataza mtu yeyote asiliguse. Njoo, Dada. Usipige simu kwanza, wewe njoo. Utaimba ule wimbo, ubeti wa pili usiuruke. Mimi nitaketi chini nikiwa nimekugeuzia mgongo, nimeliegemea sanduku, nikiutazama ua. Usinielewe vibaya.

Msalimie sana shemeji na watoto, na wajukuu uwabane mashavu kwa niaba yangu. Mama anasema uje na sauti, nguo za kubadilisha utazikuta. Wifi yako anasema ukija utamsaidia kuninunia. Binti yangu amesahihisha barua hii mahali panne, na ukiona doa kwenye ukurasa wa mwisho ni lake, si langu.

Wasalaam. Ni mimi mdogo wako wa siku zote,

Kidole

Nimesahau: vibao vyote vya sanduku nimevikaza kwa skrubu, kisha nikavipapasa kimoja kimoja. Hakuna kilicholegea.