Paa Mia Mbili na Kumi na Nne

Mpendwa mshauri Bi Rahila, kabla hujasoma mstari wa pili nakuomba kwa heshima zote ufunge mlango, na kama kuna mtu amekaa karibu nawe umwambie akaangalie chai, maana kila neno lililomo humu ni siri yangu na hata mama yangu sijamwambia. Naomba msaada wako, na kama kuichapisha barua hii gazetini hakuepukiki, basi ichapishwe bila jina langu, bila jina la ofisi yetu na bila jina la shehia, uandike tu kwamba ni kaskazini, na majina ya watu niliowataja si yao, nimewapa mengine.

Mimi ni karani, kijana wa miaka ishirini na minne, mzaliwa wa Chake Chake, nina stashahada ya utunzaji wa kumbukumbu, na tangu mwaka jana nafanya kazi kwa mkataba wa mwaka mmoja katika ofisi inayoshughulika na mambo ya misitu huko upande wa Micheweni. Mkataba unamalizika mwezi ujao na mkuu wangu, Bwana Jabir, ndiye atakayesema kama niajiriwe moja kwa moja au nirudi nyumbani kwa mama, ambaye tayari ameshawaambia majirani wote kwamba mwanawe ni mtu wa Serikali.

Jambo lenyewe ni la paa. Kwa kanuni za sasa wasasi wa kwetu wanaruhusiwa kuwinda paa miezi miwili tu kwa mwaka, kwa mbwa na fimbo, bila nyavu. Mwaka huu wameomba msimu uwe miezi mitano na nyavu ziruhusiwe, na wakulima nao wakaomba zaidi ya hapo, kwamba paa akionekana kondeni auawe siku yoyote, iwe msimu au si msimu. Ofisi ikasema lazima kwanza paa wahesabiwe, na aliyetumwa kuhesabu ni mimi.

Bi Rahila, paa hahesabiwi kwa kuonekana, maana haonekani. Huhesabiwa kwa kinyesi. Kuna njia tano ndani ya kichaka cha maweni, unapita kila njia, kila baada ya hatua hamsini unatandika duara la kamba, unahesabu marundo yaliyomo ndani ya duara, jumla yake unaizidisha kwa namba uliyopewa na ofisi, na hapo unapata paa. Msasi mmoja, Mabruki, alipewa kazi ya kunipeleka, lakini alikuja na mbwa wawili, na mimi mbwa nawaogopa tangu utoto, basi nikamwambia asijisumbue, nitakwenda peke yangu. Nikaenda peke yangu, na kwa kuwa ndani kuna giza na mawe yanakata viatu, na niliambiwa pia kuna chatu, nikaona si vibaya nikipita pembeni, pale kichaka kinapokutana na makonde, ambapo ardhi iko wazi na kazi inaendelea vizuri. Na iliendelea vizuri sana. Mwaka uliopita aliyehesabu alipata marundo kumi na matatu, sawa na paa kumi na tisa. Mimi nilipata marundo mia moja na arubaini na saba. Nikarudia kuzidisha mara tatu kwa kuogopa kukosea, na kila mara nikapata paa mia mbili na kumi na nne.

Mkuu wangu alifurahi mpaka akaninunulia bakuli la urojo. Siku ya mkutano wa kwanza wa kamati ya wasasi na wakulima, inayopitisha kanuni, tulikutana katika darasa la skuli, watu wazima tumekaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamegusa videvu, Bwana Jabir akasimama akasema ongezeko hili ni matunda ya usimamizi mzuri, akapigiwa makofi, kisha nikaisoma namba yangu. Mkubwa wa wasasi, Bwana Shaame, alikohoa muda mrefu, akatazama dari, halafu akasema, "Jamani, mie si msomi. Msomi kahesabu. Mie n'nani nimbishie?"

Mzee Abrahman wa upande wa wakulima akaruka. "Mia mbili! Na wote wanalala kondeni kwangu!"

"Kunde zako zimeliwa na funza, yakhe," Bwana Shaame akamjibu.

"Funza ana kwato? Mie nimeona kwato."

"Paa mwenyewe je, umemuona?"

"Nimemuona mkia."

"Paa ana mkia gani wa kuonekana na weye, ambaye juzi umemwamkia ng'ombe ukidhani shehe?"

Watu wakacheka mpaka sheha, aliyekuwa akiongoza mkutano, akagonga dawati. Baada ya hapo likaja suala la mgao, kwa sababu kwa desturi mguu wa nyuma ni wa mwenye mbwa aliyemkurupua mnyama, mgongo ni wa aliyempiga, na kichwa ni cha mpiga baragumu, sasa nyavu zikiruhusiwa mwenye wavu atakula wapi? Walibishana saa nzima juu ya paja la mnyama ambaye hakuna hata mmoja wao aliyekula nyama yake tangu mwaka juzi, nimeuliza. Mimi niliandika yote, kurasa tisa, na mkutano ukaahirishwa kwa sababu ya sala ya alasiri, tukakubaliana tumalize Alhamisi ya wiki ijayo, siku ambayo mimi nitasoma ripoti kamili, nitaitia sahihi, na kanuni mpya zitapitishwa juu yake.

Nilipokuwa natoka, mama mmoja wa kamati, Bi Mize, alinishika mkono akanipeleka nyuma ya skuli. Akaniuliza, "Mwanangu, hao paa wako umewahesabu upande gani?" Nikamwonesha. Akauliza, "Mwezi gani?" Nikamwambia, baada tu ya mtama kuvunwa. Basi akaanza kucheka, akacheka mpaka akaushika ukuta. "Hebu nambie, hao paa walikuwa na kengele?" Nikamwambia sikumwona hata mmoja. "Basi mie n'nawaona kila siku. Mmoja jina lake Sukari, ana mimba. Mmoja mguu nimemfunga kitambaa. Mwanangu weye, mtama ukishavunwa sote tunawafungua mbuzi kamba, wanakwenda wanapotaka mpaka mvua. Umehesabu mavi ya mbuzi." Samahani Bi Rahila kwa neno hili, lakini ndilo alilolisema.

Sikulala. Asubuhi yake nilimfuata Mabruki, nikamwomba awaache mbwa nyumbani, tukaingia ndani hasa, njia zote tano, siku mbili, viatu vyangu vimekwisha. Tulipata marundo kumi na moja. Kwa namba ile ile ya kuzidisha ni paa kumi na sita. Na mmoja nilimwona. Alikuwa amesimama kwenye mawe, mdogo, si mkubwa kuliko paka aliyeshiba, miguu myembamba kama kalamu, akanitazama kidogo kisha akawa hayupo. Mabruki akasema, "Sasa hawa ndo paa. Wale wengine tuwaache kwenye ripoti." Mpaka leo sijaelewa alikuwa na maana gani.

Sasa sijui nifanye nini. Nikisema kweli, mkuu wangu ataaibika, kwani ile namba ameshaitengenezea bango lenye picha ya paa na picha yake, na mkataba wangu utakufa. Nikinyamaza, msimu utakuwa miezi mitano na nyavu, na paa kumi na sita kwa nyavu si kazi ya miezi mitano, ni kazi ya Jumamosi mbili. Nimefikiria kuugua siku ya Alhamisi. Nimefikiria kuandika kwamba paa wamehama. Nimefikiria pia kulifuta neno "paa" kwenye ripoti na kuandika "wanyama wadogo wenye kwato," ili isiwe uongo. Nishauri, mama yangu, ni lipi katika haya lililo salama?

Ukitaka kunijibu kwa siri usipige simu ofisini. Mpe barua Mwalim, dereva wa gari ya asubuhi ya kwenda Konde, umwambie ni ya mtu wa miwani. Akiuliza miwani gani, mwambie ya kamba. Asinipe mbele ya watu. Aiweke chini ya mizani katika duka lililo karibu na kituo, nami nitaingia kununua kiberiti.

Karani Mwenye Hofu, Kaskazini.

JIBU LA BI RAHILA

Kijana wangu, mlango nimeufunga na chai nimeiangalia mwenyewe. Majina ya watu umeyabadilisha, vizuri, lakini mbuzi ulimwacha na jina lake, na huko kaskazini mbuzi wanajulikana kuliko masheha. Nimembadilisha na yeye.

Nakupa pole kwanza, kwa sababu unaistahili. Kuogopa mbwa si dhambi. Kulelewa mjini, ukaijua nyama kwa kuiona buchani tu, si dhambi. Waliokutuma peke yako, na kipande cha kamba na namba ya kuzidisha, bila kukuonesha kinyesi cha paa kikoje, wana lao la kujibu. Pole imekwisha.

Sasa nisikilize. Unadhani siri hii mnaijua wewe na Bi Mize. Hivi kweli mtu aliyesasa tangu hajaota ndevu, kama huyo Bwana Shaame wako, hajui wapi paa wanakaa na wapi mbuzi wanazurura? Alikohoa kwa kifua? Mzee Abrahman analima pale pale. Anajua vizuri nani aliyekula kunde zake, na pengine aliyekula ni mbuzi wake mwenyewe. Mabruki amekwambia waziwazi na wewe unaniandikia kwamba hujaelewa. Darasa lile lote lilijua, mwanangu, isipokuwa karani na mkuu wake. Mmetumia mchana mzima na kurasa tisa kujadili msimu wa kuwinda mbuzi wa Bi Mize, na mmefika mpaka kwenye mgao wa paja.

Hawakunyamaza kwa kukuonea huruma. Kila mmoja alikuwa na ombi lake mfukoni, na lililokosekana ni mtu mwenye stashahada wa kukosea kwa niaba yao. Wamempata. Siku kichaka kitakapokuwa kitupu, kamati hiyo hiyo itakaa kwenye madawati hayo hayo na kuuliza nani aliyeandika mia mbili na kumi na nne, na hapo wote watakuwa na kumbukumbu nzuri sana. Mkuu wako atakuwa nazo zaidi. Bango litakuwa limeshashushwa.

Kwa hiyo unaponiuliza lipi lililo salama, nakwambia hakuna. Kuugua Alhamisi hakukusaidii, ripoti itasomwa na mwengine kwa jina lako. Paa kuhama kisiwa, watapanda boti gani? Na hao "wanyama wadogo wenye kwato" nimewasoma kwa sauti hapa nyumbani, mume wangu akaomba nisome tena. Aliyesoma miaka yote hiyo kisha akaitumia elimu yake kutafuta maneno ya kumficha mbuzi, aone haya kidogo.

Ulipokosea, ulikosea. Mpaka siku Bi Mize aliposhika ukuta, lilikuwa kosa. Tangu siku hiyo ni uongo, na kila siku unayoivuta unauongezea umri.

Fanya hivi. Fomu ya hesabu ya pili unayo, kwa sababu mtu kama wewe hawezi kutembea siku mbili asijaze fomu. Kesho asubuhi, kabla Bwana Jabir hajaanza kupokea wageni, ingia kwake na fomu zote mbili. Usianze kwa kulia. Mwambie: hesabu ya kwanza nilipita pembeni mwa makonde, mbuzi walikuwa wamefunguliwa, nimerudia njia zote tano pamoja na msasi, nimepata kumi na sita. Kisha mwache anyamaze, na wewe usiujaze ukimya wake kwa maneno. Akipata akili ataona kwamba ofisi iliyosahihisha hesabu yake kabla ya mkutano haijaaibika. Iliyosahihishwa na kichaka kitupu ndiyo itakayoaibika. Ukiona anataka kusema kwamba kosa amelivumbua yeye, mwachie alichukue. Wakubwa wanapenda kuvumbua.

Akikukatalia, Alhamisi usiisome hesabu ya kwanza. Hakuna anayeweza kukushika mkono akutilie sahihi. Simama, waeleze ulipita wapi mara ya kwanza na wapi mara ya pili, mwombe Mabruki aseme kama alikuwa nawe au hakuwa nawe, na Bi Mize aseme mbuzi hufunguliwa lini. Huyo mama hataogopa. Amekwisha kucheka, sasa atasema. Usiwaambie msimu uwe miezi mingapi, hiyo si kazi yako, wao ndio kamati. Kazi yako ni kumi na sita. Watapiga kelele, Mzee Abrahman atataja mkia, waache. Andika kwenye kumbukumbu kila watakachokisema wakiwa wanajua ya kuwa ni kumi na sita, na mbele ya kila neno weka jina la aliyelisema. Utashangaa watu watakavyopunguza maneno.

Mkataba inawezekana ukafa. Sitakudanganya kwamba ukweli huajiri watu. Mama yako ataona haya mbele ya majirani kwa wiki mbili, kisha majirani watapata habari nyengine. Ukifukuzwa, njoo Chake Chake ofisini kwetu, juu ya duka la vyombo vya plastiki mkabala na soko, ngazi ya nje, mlango wa kijani. Nipo Jumatatu mpaka Jumatano, saa tatu hadi adhuhuri. Barua za wasomaji zimejaa makasha manne na hakuna wa kuzipanga. Malipo ni madogo lakini ni kazi ya kukaa kitini. Njoo na fomu zote mbili. Usije kabla ya Alhamisi hiyo kupita, maana kabla yake sina la kukwambia zaidi ya haya.