Gauni Lisilokwisha

3 Machi

Dada mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima wa mwili, moyo ndio unaumwa. Watoto hawajambo? Na mgongo wako?

Wifi yako bado yuko kwao, anamuuguza mama yake aliyevunjika nyonga. Nimebaki na cherehani na kuta. Sasa kuna mteja mmoja, mwalimu wa chekechea, ameleta kitambaa cha bluu nimshonee gauni. Dada, sikufichi. Akiingia dukani nasahau hata mkasi nimeuweka wapi. Na gauni lenyewe lina matatizo kiunoni. Kila akilijaribu linambana, inabidi nimpime upya. Anacheka, nami nacheka. Jana ameniuliza siku hizi nakula wapi.

Nasali nikifungua duka, nasali nikilifunga. Namwomba Mungu aniondolee jaribu hili, naye kimya. Niombee.

Mdogo wako

11 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Watoto wazima, mgongo unauma kama kawaida, na wewe sasa umeniongezea kichwa.

Nimeirudia mara kadhaa ile habari ya kiuno. Mimi na wewe tumefundishwa na baba mmoja, kwenye cherehani moja, tukigombania kiti kimoja. Wewe ndiye uliyekuwa ukimwona mtu mlangoni ukajua kiuno chake kabla hajakaa. Leo gauni moja linakushinda? Mwenzako nashona sare za watoto wanaorefuka kila kukicha, na hawanirudii.

Usinifanye mtoto. Gauni halibani lenyewe. Unalibana wewe ili arudi, kisha unapiga magoti kulalamika kwamba Mungu hasikii. Unamwomba afunge mlango huku umeuwekea mguu. Hivi unadhani Mungu hajui kushona?

Nitakuombea, ila nitamwambia ukweli. Nawe mwambie hivyo hivyo. Acha kumwomba amwondoe huyo mwalimu. Kama naye ana lake, hilo ni lake na Mungu. Wewe sema, "Baba, ninayebana ni mimi, na sitaki kuacha. Nisaidie." Anzia hapo, maana hapo ndipo ulipo.

Dada yako

27 Machi

Mdogo wangu,

Hujambo? Kimya chako hakinipendezi hata kidogo.

Wifi ameniandikia. Mama yake ameanza kutembea na fimbo, kwa hiyo mwezi ujao anarudi. Anauliza kama u mzima, maana barua zake huzijibu. Ningesema nini? Nimemjibu una kazi nyingi. Umeniingiza kwenye uongo uzee huu. Jumapili wenzangu walipokwenda mezani pa Bwana, mimi nilibaki kwenye benchi, kwa ajili ya kiuno cha gauni la mtu nisiyemjua.

Nilianza kukuombea nimekasirika, nikamaliza nimekasirika zaidi. Lakini sijaacha. Andika, hata mstari mmoja.

Dada yako

9 Aprili

Dada,

Shikamoo. Natumaini mgongo umepata nafuu. Barua yako ya kwanza niliichana, kisha nikaokota vipande. Ulisema kweli. Kiuno nilikuwa nakibana makusudi, kisha nafumua kidogo tu, ili kazi isiishe.

Baada ya hapo sikuweza kusali. Ile sala yangu ya zamani ilikuwa rahisi, hii yako nilikuwa naianza naiacha. Katikati ya hayo mwalimu akasema atakuja Jumamosi jioni nikishafunga, aje na chakula. Nikasema ndiyo. Dada, nilisema ndiyo.

Jumamosi mchana nilikaa kwenye cherehani nikaongea kwa sauti, kama na mtu aliyekaa upande wa pili wa meza. Nikasema, "Baba, ninayebana ni mimi. Sitaki kuacha. Sina nguvu hata ya kuinuka hapa." Sikusikia kitu. Ile amani wanayoishuhudia watu kanisani sikuipata. Ila mkono ulikwenda kwenye kile kiuno, nikafumua mshono wote, nikashona upya kwa vipimo vya siku ya kwanza. Nilishona huku nalia, upande mmoja umepinda kidogo. Gauni nikamwachia mama wa duka la vifungo amkabidhi mwenyewe, nikafunga duka jua bado linawaka, nikaenda zangu.

Jumatatu mwalimu alipita, akasimama mlangoni bila kuingia. Alisema gauni limemkaa. Kisha akasema, "Kumbe siku zote ulikuwa unaweza." Nikasema ndiyo.

Sijapona. Kila asubuhi bado nautazama mlango, na kila asubuhi nasali sala ile ile.

Mdogo wako

16 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Sote wazima. Nimesoma barua yako nikalia, nikafuta machozi, nikakasirika upya. Ulisema ndiyo? Haya, ukija tutaongea.

Nimemwandikia wifi kwamba zile kazi nyingi zilikuwa uongo wangu, na kwamba yaliyobaki atayasikia kwako. Umwambie kwa mdomo wako. Usimwombe Mungu amwambie kwa niaba yako, maana nakujua.

Jambo la mwisho. Wifi amenitumia picha yake. Amevaa gauni la kununua, mabega yamemwagika, mikono inafunika vidole. Mfinyanzi hulia gaeni, lakini wewe umezidi. Tangu mfunge ndoa umewahi kumshonea nini?

Ukishamwambia, na kama atakubali kubaki, chukua futi umpime yeye. Kiuno kikikosea, mwite umpime tena. Huyo rudia kadiri unavyotaka.

Dada yako