Timu Aliyoiacha Mama Yako

3 Februari

Mwanangu mpendwa,

Habari za huko, na za wagonjwa wako wodini? Mimi mzima, ila goti la kukanyagia cherehani linalalamika.

Leo ni wiki ya sita tangu tumzike mama yako. Mchungaji alipita dukani. Anasema timu ya mabinti wa kanisa haina mtu mzima wa kuisimamia, na mwezi ukiisha mipira itapelekwa shuleni. Akaniomba mimi. Nikamwambia mama yako ndiye aliyekuwa na wito wa kuhubiri kwa mpira. Wito wangu mimi ni suruali.

Miaka tisa sikuwahi kufika uwanjani. Alikuwa akirudi Jumamosi na vumbi hadi magotini, nami namwambia, "Kung'uta viatu nje." Hayo ndiyo niliyomwambia.

Mabinti bado wanakuja dukani kila Jumamosi, maana gunia la mipira liko hapa. Wanakaa kwenye benchi la wateja, kisha wanaondoka.

Baba yako

12 Februari

Shikamoo Baba,

Mimi sijambo, namshukuru Mungu. Goti lipake ile dawa niliyokutumia, usiiweke tu kabatini.

Umekataa, sawa. Mama mwenyewe alisema huwezi kutofautisha goli na mlango wa duka. Lakini lile gunia la mipira usimpe mtu alipeleke. Libebe mwenyewe siku ya mechi, ukae hadi mwisho, ndipo umkabidhi Mchungaji. Sikuombi zaidi ya hapo.

Mwanao

2 Machi

Mwanangu,

U hali gani? Nimechelewa kukujibu. Jana nilikwenda.

Tulicheza na timu ya upande wa pili wa soko. Kabla ya filimbi, kila binti wetu alimwendea mpinzani wake, akamuuliza jina, kisha akamuuliza, "Unataka Mungu akufanyie nini leo?" Wale wakacheka. "Kwani mmekuja kucheza au kutuzika?" Beki wao mmoja, mkubwa, wanamwita Trekta, akasema, "Mimi sitaki kitu." Nahodha wetu, mfupi kama pini, akafumba macho: "Mungu, huyu hataki kitu. Mpe tu ukipenda." Hata Trekta alicheka.

Tulifungwa manne. Mechi ilipokwisha nikanyanyua gunia. Trekta akaja akipangusa jasho, akamwambia nahodha kwa sauti ya chini, "Mama yangu amelazwa. Hilo ndilo ninalotaka." Mwanangu, timu zote mbili zilipiga magoti vumbini, na refa naye, filimbi shingoni. Miaka thelathini niko kanisani, sijawahi kuona waliofunga na waliofungwa wameshikana mikono namna ile.

Kisha nahodha akanigeukia. "Baba, na wewe unataka Mungu akufanyie nini leo?"

Tangu msiba watu wameniambia pole. Hilo hakuna aliyeniuliza. Nikasema ukweli: nataka kuisikia sauti ya mke wangu.

Nilidhani watanionea huruma. Wakatazamana. Mmoja akapaza sauti: "Macho juu, hujaangusha sindano!" Mwingine: "Umemkanyaga? Rudi, mwinue!" Mwingine: "Kimbia kama umeacha chungu motoni!" Golikipa akashika kiuno: "Tumefungwa, hatujafa! Nani ana njaa?" Wote kumi na watatu, mmoja baada ya mwingine, na kile kikohozi kidogo cha mama yako kabla ya kukaripia. Nyumbani alikuwa mpole. Sikujua kama ana sauti ya kufika ng'ambo ya uwanja. Nilivua kofia, nikasimama hivyo hadi wakamaliza.

Mchungaji akanyoosha mkono apokee gunia. Sikumpa. Nilimuuliza tu kuotea ni kitu gani. Ameeleza mara mbili, bado sijaelewa.

Baba yako

9 Machi

Shikamoo Baba,

Barua yako nimeisoma nimesimama, sikuweza kukaa.

Huku wananiona mtu mwenye nguvu. Siku ya tatu baada ya mazishi nilikuwa kazini, nawafariji watu wengine. Sijalia mbele ya mtu hata mara moja.

Nimeomba ruhusa ya siku tatu. Ijumaa nitafika. Tafadhali usiwaambie mabinti mimi ni nani. Nataka nisimame tu kando ya uwanja, waje waniulize na mimi.

Mwanao