Moto wa Nyuma ya Sikio

Jumanne.

Mwanangu Baraka amelala, nyuma ya sikio bado pamevimba.

Mama mkwe alisema tetekuwanga haipelekwi hospitali, ikichomwa sindano inarudi ndani. Nikawa namwogesha mwarobaini tu. Hata kipele cha nyuma ya sikio kilipovimba na kuwa cha moto, nikasema kesho. Leo homa ikarudi, akakataa hata kunyonya. Nikambeba hadi hospitali.

Nesi hakunigombeza. "Mama Baraka, vipele vinakaukaga vyenyewe. Kikivimba hivi, au mtoto akilegea, usingojage." Akampa dawa ya maji. Jioni kanyonya kidogo.

"Wamemchoma?" mama mkwe akauliza.

"Hapana, mama. Lakini wangetaka, ningekubali."



Kumlaumu siwezi. Aliyekuwa anamwogesha ni mimi. Ule moto niliushika kwa mkono wangu.