Mwanamke wa Dunguni Ni Mimi

Jumatatu, mwezi wa nane, saa sita mchana. Jua kali, na upepo wa kiangazi unasukuma vumbi la barabara mpaka ndani ya kibanda changu cha ushonaji. Nimeacha cherehani, nimeshika simu. Leo nimeharibu kitambaa cha mteja mara mbili. Nina hasira, na naandika hivyo mwanzoni kabisa ili nisije nikajifanya mpole huko mbele.

Juzi Jumamosi alasiri nilikwenda ukumbini hapa mjini kuangalia filamu ya mume wangu.

Mnaonisoma hapa mnamjua Gervas. Anapiga picha na video za harusi na kipaimara hapa Ifakara, na kwa miaka mitatu amekuwa akisema anatengeneza filamu fupi ya kwake mwenyewe, isiyo ya mteja. Nyumbani kwetu kamera ndiyo kitinda mimba. Inafutwa uso, inafunikwa isipate vumbi, inapewa kiti. Nimewahi kuachwa nimesimama na sahani ya wali mkononi kwa sababu mwanga wa dirishani umeangukia sufuria vizuri. Mwaka huu tumefika mahali tunaongea habari za luku ya umeme na maji tu, basi. Binti yetu Stela yuko shule ya bweni, kwa hiyo hata wa kutuchangamsha hayupo.

Hakuniambia filamu inahusu nini. "Utaiona," alisema. Nikavaa kitenge kipya, nikakaa mstari wa pili kwenye kiti cha plastiki, mke wa msanii kabisa.

Mapazia ya ukumbi yakafungwa. Kwenye kitambaa cheupe ikatokea picha ya mashamba ya mpunga, kijani mpaka macho yanachoka, na mbali katikati yake dungu. Kwa msiolima, dungu ni kibanda cha miti kilichoinuliwa juu, tunamokaa kuamia, yaani kufukuza ndege, mpunga unapotoa masuke. Juu ya dungu kuna mwanamke. Anarusha udongo kwa kombeo. Anavuta kamba ya makopo ndege waruke. Anakaa, anaangalia njia. Kesho yake hivyo hivyo, na keshokutwa. Hakuna neno hata moja wala muziki. Watu wakaanza kunong'ona. Huyu ni mtu au mzimu? Anamsubiri nani? Mumewe amekufa?

Mimi nilimjua kwa kanga. Ni ile ya njano niliyoiunguza pindo kwa pasi mwaka jana.

Mwanamke yule ni mimi. Dungu ni langu, kule Michenga, na msimu ni huu huu tuliotoka kuvuna.

Nilikaa kule wiki tano peke yangu. Kweleakwelea wanaamka kabla ya jua, na ukisinzia nusu saa unakuta makapi. Kazi ile ni ya watu wawili, kila mtu bondeni anajua. Mmoja anaamia, mwingine anapika na kuchota maji, halafu wanapokezana. Nilimwomba Gervas aje hata siku mbili tu nilale. Akasema ana harusi Kiberege. Wiki iliyofuata ana harusi Mang'ula. Halafu tena Kiberege.

Harusi. Katikati ya Kwaresima!

Mimi Mpogoro wa Mahenge, niliyebatizwa nikiwa mchanga, niliyeimba kwaya tangu usichana, sikujiuliza ni padri gani huyo anayefungisha ndoa Kwaresima. Nilijituliza kwamba labda ni harusi za madhehebu mengine. Mjinga ni mimi, naandika kwa mkono wangu mwenyewe. Kila jioni nilimwonea huruma mume wangu anavyohangaika juani na mizigo yake ya kamera.

Kumbe alikuwa ng'ambo ya shamba langu. Alikuwa amejibanza kwenye dungu la Mzee Masanja, jirani yetu aliyehamia na ng'ombe wake kutoka Usukumani, na ile lenzi yake ndefu. Asubuhi anakuja kwa pikipiki kwa njia ya nyuma, jioni anarudi mjini kuoga na kulala kitandani. Nilipokuwa namlaani ndege, yeye alikuwa anapima mwanga.

Kuna sehemu mwanamke anapokea simu. Anaongea, anatabasamu, anajitengeneza kanga begani utadhani kuna mtu anamwona. Simu ile naikumbuka. Gervas alipiga kuniuliza nimekula nini, na nilifurahi siku nzima. Alipiga ili apate picha yangu nikipokea simu.

Halafu ikaja siku ya homa. Kwenye filamu, mwanamke analala dunguni, anajikunyata, haamki. Ndege wanashuka kwenye mpunga mmoja mmoja, kisha kundi zima, na hakuna wa kuwafukuza. Inaendelea hivyo kwa muda mrefu sana. Mwisho anatokea mwanamke mwingine kwenye tuta, amebeba chupa ya uji, anapanda ngazi. Giza. Filamu imekwisha. Huyo mwenye uji ni Mama Kulwa, mke wa Mzee Masanja. Ndiye aliyenipeleka zahanati siku ile, wakakuta malaria.

Watu walipiga makofi. Mgeni mmoja kutoka Dar akasimama, akasema hajawahi kuona subira kama ya sehemu ile ya mwisho, dakika nne nzima kamera haijatikisika. Gervas akainamisha kichwa kwa adabu.

Sikufanya fujo. Nilirudi nyumbani kwa miguu. Alipofika nilimwuliza kitu kimoja tu, kwa nini hukushuka.

"Ningeshuka ungeacha kusubiri," alisema. "Ningepoteza kila kitu."

Alinieleza taratibu alikojibanza na kwa nini, kama anavyomweleza mteja kwa nini picha zimechelewa. Kisha akatoa karatasi. Yule mgeni anataka kuipeleka filamu kwenye tamasha, na mtu anayeonekana lazima akubali kwa sahihi. Bila sahihi yangu filamu inaishia kwenye ukumbi ule ule.

Sasa niseme ninachoona aibu kukisema. Nilikaribia kusaini.

Filamu ile ni nzuri. Inaniuma kuandika hivi, lakini ni nzuri. Miaka kumi na miwili ya ndoa sijawahi kuangaliwa namna ile. Ameona ninavyokunja mguu mmoja nikikaa, ninavyojikuna shingo nikiwaza. Jana baada ya misa nilikaa mezani na kalamu, nikajiambia labda hii ndiyo namna yake ya kunipenda, hajui nyingine. Kilichonikwama ni ile siku ya homa. Nikamwuliza.

"Nilidhani umepumzika, Mama Stela. Kwa mbali ningejuaje?"

Nikamwamini. Mtu aliyelala ni mtu aliyelala, ukimwona kwa mbali. Nikaandika herufi ya kwanza ya jina langu, kisha jirani akabisha hodi na nikaiacha hapo.

Asubuhi hii Mama Kulwa amekuja kuchukua gauni lake. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, na kwa kuwa kifua kilikuwa kimejaa nikamsimulia yote. Akabaki ananikodolea macho.

"Kwani ulikuwa hujui? Baba Stela alituambia mnaigiza wote wawili. Nakuona unaangalia njia kila saa, nasema huyu mama anaweza kuigiza huyu!"

Nikacheka. Kweli nilicheka, mpaka nikaona yeye hacheki.

"Ila siku ile ya homa nilimwambia," akasema. "Nilimwambia, baba, hii sasa siyo maigizo, mwenzio anatetemeka. Akaangalia kwenye kamera yake, akasema, kweli anaumwa, ngoja kidogo mama, nimalizie. Nikangoja. Nikaona hapana, huyu anamaliza nini? Nikachukua uji wa wanangu nikaja kwako."

Kisha akaniomba msamaha. Yeye! Mwanamke aliyenibeba mgongoni mpaka kwenye pikipiki anaomba msamaha kwa sababu aliambiwa angoje na akangoja. Nikamfungia gauni lake kwenye gazeti.

Kwa hiyo alijua. Zile dakika nne zilizopigiwa makofi ni muda ambao mume wangu alimzuia mtu mwingine asije kunisaidia.

Karatasi iko mezani nyumbani na herufi moja ya jina langu. Ya pili haitaipata, hata aje yule mgeni kunipigia magoti. Jioni Gervas akirudi sitapiga kelele. Nitamwuliza swali moja, na jibu lake ndilo litakaloamua kama nitaendelea kuishi naye au napanda gari kesho kwa dada yangu kule Chita. Nimelirudia hapa kibandani tangu asubuhi, na kila nikilirudia nazidi kuogopa kwamba jibu nalijua.

Gervas, Mama Kulwa angekutii akaendelea kungoja, ungezima kamera saa ngapi?